TAHADHARI: Kuna "dizaina" anauza logo moja kwa watu wengi, Arusha na Moshi

Wadau, habari za leo. Kama una mpango wa kutengenezesha logo, hasa ya biashara ya fedha, soma hii kabla hujatuma hata shilingi.

Tuko watatu, tuna kampuni ndogo ya mikopo Kijenge, Arusha. Wateja wetu ni mama lishe, bodaboda na wauza mbogamboga. Tulipokuwa tunasubiri leseni ya Benki Kuu, ile ya daraja la pili ya wakopeshaji wasiopokea amana, tukaona tumalize habari ya logo ili leseni ikitoka tu, bango lipande. Dizaina tulimpata kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara. Kazi alizokuwa anaweka status zilikuwa safi kweli. Bei 180,000, nusu kwanza.

Hapo kwenye nusu ndipo ningepaswa kushtuka. Simu ilipoleta jina la mpokeaji, lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu "hiyo laini ya dada, yangu imejaa." Nikabonyeza namba ya siri. Yaani mimi, ambaye mteja akitaka laki mbili namdai kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, nilimtumia mtu nisiyewahi kumwona hela kwenye laini ya dada yake.

Siku ya nne logo ikaja: sarafu ya kijani, jani linachipua juu yake, chini jina letu. Ikafuata na sauti ya dakika nzima, jinsi alivyokesha akiichora kuanzia sifuri. Tukaipenda, tukamalizia hela.

Tatizo la kwanza lilionekana Mbauda kwa fundi wa mabango. Alifungua ile PDF, akaikuza, kingo zikawa ngazi-ngazi. Akaniambia, "Bosi, hii ni picha imebandikwa ndani ya PDF. Mimi nahitaji vekta." Kwa asiyejua: vekta ni mchoro wa mistari unaoweza kuukuza ukajaa ukuta mzima na usiharibike, na jina la faili lake mara nyingi huishia na .ai, .eps au .svg. Nilipomwomba dizaina, akataka 100,000 nyingine, eti faili la asili linauzwa peke yake. Hatukutoa. Fundi akaichora upya juu ya ile picha na maisha yakaendelea. Nilidhani hasara imeishia hapo.

Leseni ilipotoka tukaanza kugawa vipeperushi Soko la Kilombero. Mama mmoja wa ndizi alikipokea, akakiangalia, akanirudishia. "Kaka yangu, hawa si ndio waliotuma meseji mpaka kwa baba mkwe wa mdogo wangu?" Nikamwambia hapana mama, sisi tuna ofisi Kijenge, karibu uione. Akamwita mdogo wake, akaja na simu yenye picha ya skrini. Sarafu ya kijani. Jani lilelile, na hata mkunjo wa ncha ni uleule. Ilikuwa app ya mikopo, ya jamii ya zile zinazochukua namba zote za simu yako na kukudhalilisha kwa ndugu ukichelewa kulipa. Mnakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Ukiwa unauza chapati, kufanana logo na mtu ni aibu ndogo. Sisi tunaomba watu watuamini na hela, halafu tumevaa sura ya waliowatesa.

Usiku ule nikapiga picha kipeperushi na kukitafuta kwa Google Lens. Mchoro wenyewe ukatokea kwenye mtandao wa kuuza michoro iliyo tayari, dola chache tu, mtu yeyote ananunua. Chalii alibadilisha jina tu. Nilipomwandikia, alisoma, akanibloku.

Wakili tuliyemwona alituongezea lingine: cheti cha kampuni cha BRELA, wale wanaosajili biashara, hakilindi logo. Alama ya biashara inaombwa kivyake hukohuko BRELA, na huduma za fedha ziko daraja la 36. Ikikubaliwa inalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ila mchoro unaouzwa kwa kila mtu huwezi kwenda kuudai kuwa wako peke yako. Hata violezo vya Canva vina masharti ya namna hiyo, kwa hiyo msiseme "bora nijifanyie mwenyewe" bila kuyasoma.

Logo, bango, fulana sita, vipeperushi na muhuri: 635,000 imekwenda.

Jina na namba yake siweki hapa, jalada liko polisi na tumeshauriwa tusiharibu. Lakini mtamtambua. Akiongea na mtu wa Arusha anasema yuko Moshi, akiongea na mtu wa Moshi yuko Arusha, kwa hiyo hamkutani kamwe. Ukimwomba michoro ya penseli, ile ya mwanzo kabla ya kompyuta, anakasirika. Hati ya kukukabidhi haki za mchoro haandiki, anasema "tunaaminiana boss". Na kazi zake za status, tatu nilizozitafuta kwa Lens zote zilikuwa na wenyewe.

Logo mpya tunafanyiwa na kijana wa Ngarenaro. Tumekaa naye mezani mara mbili, ametuonyesha karatasi zake zilizofutwafutwa, na vekta ipo ndani ya bei.

Kama umeuziwa sarafu yenye jani, au hela yako ilikwenda kwenye "laini ya dada", nitumie ujumbe pembeni pamoja na namba ya RB (ile unayopewa polisi ukiripoti) kama unayo. Mpaka sasa tuliotapeliwa tuko watatu, mmoja yuko Boma Ng'ombe na ana sarafu hiyohiyo, yake tu ni ya bluu.