Tahadhari: "Maji ya fedha" hayaondoi sumu mwilini

Ndugu zangu, kama kuna mtu anakushawishi unywe "maji ya fedha", soma hapa kabla hujafungua chupa. Ni maji yaliyotiwa chembechembe ndogo mno za madini ya fedha, yaleyale ya pete na mikufu. Wanayanadi kwamba yanaongeza kinga na kutibu kila kitu, kuanzia mafua hadi saratani.

Dada yangu aliyanywa kila asubuhi kwa karibu miaka miwili. Hakusikia maumivu yoyote, ndiyo maana hakushtuka mapema. Zilianza fizi kuingia weusi wa kibuluu, kisha kwenye shina la kucha, pale penye kijimwezi cheupe, pakawa na rangi ya madini ya risasi. Uso ukafuata, rangi ya majivu. Alipomuuliza muuzaji akajibiwa, "Hizo ni sumu zinatoka, ongeza dozi." Akaongeza! Hali ilipozidi, mtu yuleyule akamuuzia krimu ya kung'arisha ngozi. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kufikia hapo muuzaji alikuwa akiona kwa macho yake alichokifanya.

Hakuna sumu iliyokuwa ikitoka. Fedha ndiyo iliyokuwa ikiingia na kubaki. Mwili hauna kazi nayo; sehemu ya ile inayofyonzwa hujikita ndani ya ngozi, na mwanga wa jua huigeuza kuwa chembe nyeusi, kama ulivyofanya kwenye filamu za picha za zamani, ambazo nazo zilipakwa chumvi za fedha. Kwa hiyo uso, shingo na mikono hutangulia, na palipofunikwa na nguo huchelewa. Madaktari wanaiita arijiria. Krimu haizifikii chembe hizo, na dawa zinazotumika kuondoa metali nyingine mwilini hazizitoi. Leza imewasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini inauma na hufanywa kipande kwa kipande. Asiyeipata hubaki na rangi hiyo maisha yake yote.

Mtaambiwa ni visa vya kutungwa. Rosemary Jacobs wa Marekani alipewa matone ya pua yenye fedha akiwa msichana, akageuka kijivu, na ukubwani akawa anawaonya watu waziwazi. Stan Jones, aliyegombea useneti Montana mwaka 2002, alijitengenezea maji haya akihofia kompyuta zingekwama mwaka 2000 ukiingia na antibiotiki zingeadimika. Naye akabadilika rangi. Tangu 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani imetamka kwamba dawa za kununua bila cheti zenye fedha ya aina hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Mwaka 2020 ikawaandikia barua za onyo wauzaji waliodai yanatibu korona. Wengi hukwepa kwa kuandika "nyongeza ya lishe" kwenye chupa.

Jambo jingine wasilolisema: fedha inaweza kuzuia mwili usifyonze vizuri dawa ya tezi ya shingo, thairoksini, na baadhi ya antibiotiki.

Sisemi mvue pete zenu. Weusi unaobaki kidoleni huoshwa ukatoka. Hereni iliyozama ndani ya nyama ndiyo huweza kuacha doa la buluu. Na kama daktari amekuandikia krimu ya fedha kwa jeraha la moto, endelea kumsikiliza yeye.

Kama unakunywa maji haya, acha leo. Simama penye mwanga wa jua, tazama fizi na kucha, linganisha uso na picha za mwaka juzi. Ukienda kwa daktari beba chupa yenyewe, maana dada yangu alikwenda mara mbili bila kuitaja, na mara zote mbili alipimwa moyo na mapafu, kwa kuwa maradhi ya hivyo nayo huweza kuibadili rangi ya ngozi. Yule muuzaji amebadilisha jina la bidhaa na lebo, ila maneno hajabadilisha: bado anawaambia watu sumu zinatoka.