Stakabadhi ghalani au kangomba: nani anaweza kusubiri?

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ana njia mbili za kuuza. Katika stakabadhi ghalani, iliyoanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/2008, korosho hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, hupimwa, huwekwa ghalani kwa stakabadhi (risiti), huuzwa mnadani, na malipo hupitia benki. Kangomba, ambayo imepigwa marufuku, ni kumuuzia mchuuzi nyumbani kwa fedha taslimu, mara nyingi kwa kipimo cha bakuli.

Kwa bei, mnada unashinda, kwa kuwa wanunuzi hushindana kwa zabuni. Hata hivyo, bei hiyo humfaa anayeweza kusubiri. Mwenye duka au mshahara huvumilia. Mjane mwenye mikorosho michache, akiuguliwa na mtoto mwezi Agosti kabla minada haijafunguliwa, humuuzia mchuuzi mavuno yangali maua mtini. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, na kucheleweshwa kwa malipo hayo kuliwaumiza zaidi wasio na akiba.

Mwanamke anayeokota korosho katika shamba la mume ana mzigo mwingine: malipo ya mnada huingia kwenye akaunti ya mume, ilhali fedha ya kangomba, ingawa ni ndogo, huishika kwa mkono wake.

Naunga mkono mnada kwa dhati, lakini marufuku peke yake humwadhibu mhitaji. Vyama vya msingi vitoe mikopo midogo kabla ya msimu, na mwanamke asajiliwe kwa jina lake.