Malalamiko ya alama ya biashara: kumwandikia mlalamikaji au kukata rufaa?

Muuzaji ambaye tangazo lake limeondolewa katika soko la mtandaoni kwa madai ya kukiuka alama ya biashara anaweza kumwomba mlalamikaji aondoe malalamiko yake, au kukata rufaa kwa wasimamizi wa soko.

Kumwandikia mlalamikaji kunafaa pale ambapo kosa lipo lakini ni dogo, kama vile kuandika «Kifuniko cha Samsung» badala ya «Kifuniko kinachotoshea simu za Samsung». Barua itaje namba ya malalamiko na kilichorekebishwa, bila kukiri zaidi ya hapo, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kutumika mahakamani. Tatizo ni kwamba mlalamikaji halazimiki kujibu.

Rufaa, kwa upande wake, husimama au kuanguka kwa nyaraka. Aliyenunua bidhaa halisi aonyeshe ankara yenye jina la msambazaji, tarehe na idadi ya vipande. Risiti ya rejareja mara nyingi haitoshi, na ankara iliyochezewa ni kujichimbia kaburi. Aidha, kwa kuwa alama hulindwa nchi kwa nchi na kwa matabaka ya bidhaa na huduma, ambayo Uainishaji wa Nice, yaani mfumo wa kimataifa unaotumika kusajili alama, umeyagawa kuwa 45, ni vyema kwanza kutafuta usajili husika katika hifadhidata ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), maana wapo wanaolalamika wakiwa na usajili wa tabaka lisilohusika kabisa. Hapo ningekata rufaa mara moja, nisipoteze siku nikimbembeleza mlalamikaji.