Umati wa Watu Halisi au wa Kompyuta?

Tarehe 31 Januari 1981, jijini Delhi, zaidi ya watu 300,000 walijaa barabarani kuigiza mazishi ya Mahatma Gandhi kwa ajili ya filamu ya mwongozaji Richard Attenborough. Wengi walijitolea, waliobaki walipewa posho ndogo. Kamera 11 zilipiga picha, na kilichofika kwenye skrini ni kama dakika 2 tu. Lakini zitazame nyuso zile! Ilikuwa miaka 33 kamili tangu mazishi yenyewe, na naamini wapo waliosimama pale mara zote mbili. Huzuni ya namna hiyo haiagizwi kwa kipaza sauti.

Njia ya pili ya kupata umati wa filamu ni kompyuta. Kwa filamu za kubuni za The Lord of the Rings, zenye vita vikubwa, Stephen Regelous alitengeneza programu ya Massive, ambamo kila askari wa kidijitali huona, husikia na kuamua mwenyewe ampige nani. Hahitaji chakula wala usafiri, na haumii. Kwa vita vya maelfu ya viumbe, sioni ubaya wowote.

Ubaya nauona kwingine: mwili wa mtu halisi upigwe skani, yaani unakiliwe kwenye kompyuta, asubuhi moja, kisha sura yake itumike miaka na miaka bila yeye kuitwa tena kazini. Waigizaji wa Marekani waliogoma siku 118 mwaka 2023 walilipinga hili pia, na mkataba wao sasa unadai ridhaa ya mwenye sura. Kwa msiba, mimi ningeita watu, hata wakiwa mia tatu tu.