"Hatari imeongezeka maradufu" au "mmoja zaidi kati ya 7,000"?

Oktoba 1995, wanawake wa Uingereza walitahadharishwa kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wengi wakaviacha kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda kwa maelfu. Inauma, maana ujauzito wenyewe huleta hatari hiyo zaidi ya vidonge.

Mtafiti Mjerumani Gerd Gigerenzer huieleza takwimu hiyohiyo hivi: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2. Kauli zote mbili ni za kweli. Ila ya kwanza inaficha idadi ya kuanzia. Bila hiyo, mtu atapima kwa kipi? Mimi nachagua ya pili, hata ikila nafasi zaidi gazetini.