Kitasa cha mlango wa zamani Bukavu: nini cha kununua, nini cha kuacha dukani

Ukiishi kwenye nyumba ya enzi za Wabelgiji, Muhumba au Nguba, mlango huu unaujua: ubao mzito, kitasa kimezama ndani ya mbao, mkono wa shaba njano umelala chini kama sikio la mbuzi. Siku moja unavuta, mkono unabaki kiganjani. Wengi hapo hukimbilia sokoni Kadutu. Ngoja kidogo.

Kwangu nafasi ya kwanza ni kutonunua kitasa kabisa. Nunua skrubu, gundi ya mbao na springi. Mkono ukicheza, tafuta skrubu ndogo shingoni mwake; mara nyingi imelegea au ilishadondoka. Kama kile chuma cha pembe nne kinachopita mlangoni kimelika, kata ukanda mwembamba wa bati la kopo la nyanya, kizungushie, rudisha mkono. Matundu ya skrubu yaliyopanuka yajaze njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, yaache yalale hadi asubuhi, ndipo ukaze.

Mkono usiporudi juu, springi ya ndani imekatika. Changu nilikifungua juu ya meza ya jikoni: grisi imeganda nyeusi kama sukari guru, springi vipande viwili. Fundi wa jirani alikigeuza mara moja akacheka: “Mama, hii haijakufa, iko na uchafu tu.” Tulikiosha kwa mafuta ya taa, akakunja springi nyingine, kikarudi kazini. Mafuta ya kupikia usitie humo, yanashika vumbi. Saga risasi ya penseli, unga wake unatosha.

Tena angalia fremu kabla ya kulaumu kitasa. Tetemeko la Februari 2008 lilipindisha kuta nyingi hapa mjini, na miezi ya mvua mbao huvimba. Ulimi usipoingia kwenye tundu lake, labda ni kusogeza kile kibati cha fremuni milimita mbili tu.

Nafasi ya pili ni kitasa kikuukuu kilichotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Ukikipata, nunua, hata kama hakina ufunguo. Fundi mzuri atachonga. Ila pima: sumaku ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Isiponasa usishangilie bado, maana aloi ya zinki nayo hainasi. Kwaruza upande wa nyuma kwa msumari. Shaba njano ni njano mpaka ndani. Zinki ni kijivu, na kwa ukubwa uleule ni nyepesi.

Ya tatu ni kitasa kipya cha kuzamisha. Hapa rula ndiyo inayonunua. Pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la mkono, kisha kutoka tundu hilo hadi la ufunguo. Vya Kifaransa huwa na milimita 70 kati ya matundu hayo na chuma cha pembe nne cha milimita 7. Vya Kijerumani ni 72 na 8. Mkono wa 8 hauingii kwenye tundu la 7, na wa 7 kwenye la 8 utacheza tangu siku ya kwanza. Afadhali ufunge kile cha zamani kwenye gazeti, uende nacho dukani.

Komeo na kufuli? Kwa stoo, sawa.

Cha mwisho kabisa ni kile cha mviringo, cha kubonyeza katikati, kinachong'aa kama dhahabu. Ni cha bei ndogo, ndiyo, lakini kinataka tundu la milimita 54 hivi kwenye mlango uliodumu miaka sabini. Mimi nilikubali, kwa mlango wa chumba cha wageni. Kilivunjika kabla ya mvua mbili kupita. Tundu bado lipo. Wajukuu wanapitisha mkono humo kuniamkia.