Lambo Juu ya Kilima: Uzoefu Wangu wa Akili Mnemba kwenye Picha za Satelaiti

Lambo la kwanza "jipya" ambalo modeli, yaani programu ya akili mnemba, ilinionyesha lilikuwa juu ya kilima. Si bondeni wala kando ya mto, bali kileleni kabisa, mahali ambapo hata maji ya mvua hayakai dakika kumi. Nilipofungua picha yenyewe ya satelaiti nikakuta kivuli. Wingu jeupe pee limetanda pembeni, kivuli chake kimelala kilimani kikiwa na umbo zuri la mviringo, na modeli imekizungushia mstari na kuandika uhakika wa asilimia 96.

Watu wananiuliza kama huduma hizi za akili mnemba za kutafuta maji kwenye picha za satelaiti zinafaa. Nimezitumia miezi minane, na ninaendelea kuzitumia. Zinafaa, ila ile nambari ya usahihi unayoonyeshwa kabla hujanunua si nambari yako.

Kazi yangu ni kuhesabu malambo na mabwawa madogo kwenye eneo kubwa, msimu hadi msimu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa NDWI, kipimo cha kutambua maji kwenye picha alichokitoa mtafiti McFeeters mwaka 1996: chukua mwanga wa kijani, toa ule wa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), gawanya kwa jumla ya vyote viwili. Maji humeza infraredi ya karibu, kwa hiyo mara nyingi hubaki juu ya sifuri huku majani yakishuka chini yake. Unaweka kizingiti, kazi imekwisha. Isipokuwa haiishi. Maji ya tope yanataka kizingiti chake, maji yenye magugu yanataka chake, na picha ya mwezi ujao inakuja na yake. Nilikuwa nakesha nikisogeza nambari mbele na nyuma kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

Picha ninazotumia ni za Sentinel-2, za mpango wa Copernicus wa Ulaya. Satelaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili 2017, na zikiwa mbili hurudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 5. Picha ni bure. Zina bendi 13, yaani aina 13 za mwanga, lakini ni nne tu zinazoonyesha pikseli za meta 10. Nyingine ni za meta 20 na 60. Sasa piga hesabu: lambo lenye upana wa meta 30 ni pikseli tatu kwa tatu, na zile za pembeni ni nusu maji nusu majani. Kwa ukubwa huo hakuna akili, iwe mnemba au ya kuzaliwa nayo, itakayokuchorea ukingo sawasawa. Ukitaka ukingo, tafuta picha kali zaidi, na hizo mara nyingi ni za kununua.

Nilianza na huduma moja ya mtandaoni ya kulipia, ambayo sitaitaja. Unachora mpaka wa eneo lako, unachagua "maji", unabonyeza, unasubiri. Ukurasa wao ulisema usahihi ni asilimia 97. Ndani ya robo saa nilipata ramani ya eneo ambalo lingenila wiki nzima, na kwa mabwawa makubwa sina neno: kingo zimenyooka, hata visiwa vidogo vimeachwa nje. Kwenye malambo ndipo mambo yalipoharibika. Karibu nusu yalirukwa, na badala yake nikapewa vivuli, mashamba yaliyochomwa moto na kipande cha barabara ya lami.

Nilirudi kwenye ile 97. Katika eneo langu maji hayafiki asilimia 3 ya ardhi. Maana yake modeli mvivu kabisa, isiyofanya lolote zaidi ya kusema "hapa hakuna maji" kila mahali, ingepata zaidi ya 97. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Nikawaandikia kuomba kipimo cha IoU cha maji peke yake, yaani eneo ambalo modeli na ukweli vimekubaliana, ligawanywe kwa eneo lote ambalo upande wowote umedai ni maji. Hapo mvivu wangu angepata sifuri. Walinijibu kwa adabu nyingi, wakaniambatishia ukurasa uleule.

Basi nikaamua kufundisha modeli yangu mwenyewe. Nilichagua U-Net, mtandao wa neva uliotoka mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kwa ajili ya kutenganisha seli kwenye picha za hadubini. Ukiitazama seli chini ya hadubini na lambo kutoka angani utaelewa kwa nini watu wa satelaiti waliuchukua upesi: vyote ni madoa madogo kwenye mandhari yenye fujo. Picha unazikata vipande vya pikseli 256 kwa 256, ambavyo kwa meta 10 ni kilomita 2.56 kila upande. Kuandaa programu kulinichukua siku mbili, maana misimbo ya wazi imejaa kila kona.

Lebo, yaani alama za kuifundisha modeli yapi ni maji, zilinichukua wiki tatu. Nilichora poligoni (maumbo ya kuzungushia maji) zaidi ya 1,400 kwenye QGIS, programu ya ramani, moja moja, kwa mkono, na hii ndiyo sehemu ambayo matangazo hayaitaji. Lambo linalokauka ni maji au ni tope? Lililofunikwa na magugu je? Wiki ya kwanza nilisema magugu si maji, wiki ya pili nikabadili msimamo, na ikabidi nirudi mwanzo, kwa sababu modeli hujifunza ukigeugeu wako kama ulivyo. Kilichonisaidia kuliko kubadilisha mitandao ya neva ni kukusanya mamia ya vivuli, mashamba yaliyoungua na lami, nikaviwekea lebo ya "si maji". Baada ya hapo kile kilima kilikauka.

Kosa langu kubwa lilikuja kwenye mtihani. Vipande vyote nilivichanganya kama karata, nikatenga vingine vya kufundishia na vingine vya kupimia. IoU ikatoka 0.88 kati ya 1 na nikajipongeza. Nilipoipeleka modeli kwenye eneo ambalo haijawahi kuliona, ikashuka hadi 0.61. Vipande vyangu vya mtihani vilikuwa majirani wa vile vya mafunzo; kuna malambo yaliyokatwa katikati, nusu iko darasani na nusu kwenye karatasi ya maswali. Modeli ilikuwa imekariri. Siku hizi natenga bonde zima la mto, siligusi mpaka mwisho, na sasa napata kama 0.7. Ni nambari ndogo, lakini nikimpa mtu ramani najua ninachomwambia. Ukikutana na anayeuza modeli ya satelaiti, muulize aligawaje data zake kabla ya kumuuliza kitu kingine chochote.

Kisa kingine ni cha kunicheka. Modeli ilikuwa safi kwa picha za miaka ya nyuma, lakini kuanzia 2022 malambo yalitoweka kwa mkupuo. Nilipekua msimbo siku mbili nzima. Kumbe tarehe 25 Januari 2022 utaratibu wa kuchakata picha za Sentinel-2 ulibadilishwa, na thamani za pikseli zikaongezewa 1000. Ilitangazwa wazi kabisa, mimi sikusoma. Dawa yake ni mstari mmoja wa kutoa 1000.

Kuhusu mawingu, Kiswahili chetu kina kejeli yake: nilikodi kompyuta za mawinguni ili nipambane na mawingu. Hila iliyofanya kazi haina hata akili mnemba ndani yake. Nachukua picha za tarehe tatu tofauti katika mwezi, na kinachoonekana mara moja tu nakitupa, kwa kuwa kivuli huhama na lambo hubaki. Msimu wa mvua naongeza rada ya Sentinel-1 inayopenya mawingu. Maji tulivu hulipeleka wimbi la rada mbali, kwa hiyo huonekana meusi. Mchanga mkavu nao huonekana hivyohivyo, na upepo ukivuma maji hupoteza weusi wake, kwa hiyo rada nayo usiiachie kazi peke yake.

Kama una eneo dogo lenye malambo arobaini, yachore kwa mkono na jioni umemaliza. Kama eneo ni kubwa na utarudi kila msimu, fundisha modeli. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote, fungua kwanza Dynamic World, ambayo Google na World Resources Institute waliitoa mwaka 2022: ni bure, ina pikseli za meta 10 na aina tisa za uso wa ardhi, maji yakiwemo.

Kwa sasa najaribu AlphaEarth Foundations, modeli ya akili mnemba ya picha za dunia, iliyotangazwa na Google DeepMind mwaka 2025. Kila pikseli ya meta 10 inapewa nambari 64 zinazofupisha mwaka wake mzima, na juu yake unaweka hata Random Forest ya kawaida, mbinu ya zamani na nyepesi ya kuifundisha kompyuta kupanga vitu. Kwa poligoni mia mbili tu nilikaribia sana U-Net yangu kwenye mabwawa ya kudumu. Lakini muhtasari huo ni wa mwaka, na malambo yangu mengi hujaa na kukauka ndani ya miezi minne, kwa hiyo U-Net bado haijafutwa kwenye diski.